Masini ya Moshi Iliyozaliwa Upya

Sisi watu wa Kindu twaijua sauti ya treni. Ikilia mbali, upande wa Kibombo, mama sokoni huinua kichwa, na watoto hukimbilia stesheni. Treni hutuletea unga, chumvi, saruji na nguo. Hutuletea pia ndugu ambao hatukuwaona siku nyingi. Ikikawia majuma mengi, bei ya vitu hupanda. Basi, kwetu treni si mchezo. Ni njia ya chakula.

Siku moja darasani tulitazama picha ya masini ya treni. Ilikuwa masini ya moshi, yaani ile ya zamani iendayo kwa moto na maji. Rangi yake ni ya kijani, magurudumu yake makubwa yanapita urefu wa mtu mzima, na wingu jeupe limetanda juu yake. Mwanafunzi mmoja akainua mkono.

"Mwalimu, babu aliniambia kwamba masini za namna hii zilikwisha zamani. Mbona hii inang'aa kama sahani mpya?"

"Kwa sababu ni mpya, mwanangu. Ilimalizika kujengwa mwaka 2008."

Mtoto akastaajabu. "Mwalimu, nchi ile haina treni za dizeli na za umeme?"

"Inazo nyingi sana."

"Sasa kwa nini wamejenga tena kitu cha zamani?"

Swali hili ni zuri, na neno moja halitoshi kulijibu. Twende pamoja polepole. Tutalijibu tukifika mwisho wa njia.

1. Nguvu iliyo ndani ya sufuria

Tuanze jikoni. Mama ameweka sufuria ya maji motoni na kuifunika. Maji yakichemka, kifuniko huanza kucheza: ta-ta-ta-ta. Ni nani anayekisukuma? Hakuna mkono hapo. Ni mvuke. Maji yakigeuka kuwa mvuke hutaka nafasi kubwa mno. Lita moja tu ya maji hutoa lita zaidi ya 1,600 za mvuke. Mvuke huo hauwezi kukaa ndani ya sufuria ndogo. Kwa hiyo huinua kifuniko na kutoka nje.

Sasa fikirini sufuria ya chuma kinene, ndefu kama nyumba, iliyofungwa pande zote. Moto mkali unawaka kwake. Mvuke unazidi kuzaliwa, lakini hauna pa kutokea. Basi unasukuma kila upande. Sufuria hiyo huitwa boila. Ndani ya boila ya masini ile ya picha, mvuke husukuma kila sentimeta moja ya mraba kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 17. Sentimeta moja ya mraba ni nafasi ndogo kama ukucha wa kidole. Ni kama kusimamisha ndoo kubwa iliyojaa maji juu ya ukucha mmoja! Na ndani ya boila mna maelfu na maelfu ya nafasi kama hiyo. Hiyo ndiyo nguvu inayovuta treni.

Nguvu ya namna hii yataka kuheshimiwa. Juu ya boila kuna tundu lililozibwa kwa kizibo chenye springi. Mvuke ukipita kipimo, kizibo huinuka chenyewe, na mvuke hutoka kwa kelele nyingi. Tena, mbele ya masinisti kuna bomba jembamba la kioo. Linamwonyesha maji ya boila yamefika wapi. Maji yakipungua sana, chuma kilicho juu ya moto hakipoi tena. Hulainika, na boila yaweza kupasuka na kuua watu. Ndiyo sababu masinisti hufundishwa neno hili kabla ya mengine: tazama maji.

2. Safari ya mvuke

Tuufuate mvuke tangu mwanzo hata mwisho wa kazi yake.

Nyuma ya boila kuna sanduku la moto. Mchochea moto hutupa humo kuni au makaa ya mawe. Moto na moshi havipandi moja kwa moja angani. Kwanza hupita katika mabomba mengi yaliyolala ndani ya maji ya boila, tangu nyuma hata mbele. Hivyo moto huyagusa maji mahali pengi, nayo huchemka upesi. Mbele kabisa moshi hutoka kwa dohani.

Mvuke hukusanyika juu ya maji. Masinisti akivuta mkono wa chuma, mvuke hufunguliwa njia. Hushuka kwa bomba hata kufika ndani ya silinda. Silinda ni kama kopo refu la chuma. Ndani yake mna kizibo kinachoweza kwenda mbele na nyuma, huitwa pistoni. Mvuke huingia upande mmoja, husukuma pistoni mbele. Kisha huingia upande wa pili, huisukuma nyuma. Mbele, nyuma, mbele, nyuma.

Lakini gurudumu halitaki kwenda mbele na nyuma. Lataka kuzunguka. Mafundi walifanyaje? Mtazameni mtu apandaye baiskeli. Mguu wake hupanda na kushuka tu, lakini pedali huzunguka. Masini hufanya vivyo hivyo. Pistoni ndiyo mguu. Fimbo nene ya chuma huishika, na mwisho wa fimbo umefungwa kandokando ya gurudumu, si katikati. Fimbo ikienda na kurudi, gurudumu huzunguka, na treni huondoka.

Na ile sauti ya chu! chu! chu! yatoka wapi? Mvuke ukimaliza kazi ndani ya silinda hutupwa nje kwa nguvu kupitia dohani. Kila chu ni pumzi moja ya silinda. Tena pumzi hiyo ina kazi nyingine. Ikitoka kwa dohani huuvuta moshi pamoja nayo, na hewa mpya huingia chini ya moto, nao huwaka zaidi. Kwa hiyo masini ikipanda mlima na kufanya kazi ngumu, hujichochea moto yenyewe. Je, si werevu mkubwa?

Masini ya kwanza ya moshi iliyotembea juu ya reli ilikuwa ya Mwingereza Richard Trevithick, mwaka 1804. Mwaka 1825 reli ya kuchukua watu na mizigo ilifunguliwa kati ya miji ya Stockton na Darlington huko Uingereza. Lishikeni jina la Darlington. Tutalikuta tena.

3. Njia ya reli ya Kindu

Kwa nini reli ilifika kwetu? Jibu limo ndani ya mto. Lualaba ni barabara kubwa, lakini ni barabara iliyokatikakatika. Kati ya Kongolo na Kindu kuna mawe na maporomoko. Kutoka Kindu hata Ubundu, kilometa zaidi ya 300, maji ni mazuri na mashua kubwa hupita. Kisha kati ya Ubundu na Kisangani maji huanguka tena, mpaka kule ambako Wagenia hutega samaki. Basi, mahali ambapo mashua ilishindwa, reli ilipaswa kubeba mzigo.

Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli ya Kongo ya juu na Maziwa Makuu. Watu waliiita kwa herufi tatu: CFL. Kipande cha kwanza, kutoka Kisangani hata Ubundu, kilometa 125, kilifunguliwa mwaka 1906. Siku zile Kisangani iliitwa Stanleyville, na Ubundu iliitwa Ponthierville. Kipande cha pili, kutoka Kindu hata Kongolo, kilometa 355, kilimalizika mwisho wa mwaka 1910. Mwaka 1915 reli nyingine ilitoka Kabalo ikafika Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika.

Tusisahau walioijenga. Walikuwa watu weusi kwa maelfu. Walikata msitu kwa shoka, walivunja mawe, walibeba reli mabegani. Wengi hawakuja kwa hiari. Walichukuliwa kwa nguvu, na wengine hawakurudi kwao. Tukikaa ndani ya behewa, chini yetu mna jasho lao na uhai wao.

Masini za kwanza za njia hii zilichoma kuni. Kuni zilipangwa marundo marundo kando ya njia, na kila baada ya mwendo fulani treni ilisimama kupakia. Tena ilipaswa kunywa maji. Fahamuni basi kwamba treni moja ilihitaji watu wengi ambao abiria hakuwaona: mkata kuni, mjaza maji, mchochea moto, fundi, mlinzi wa njia. Mmoja akilala usingizi, treni nzima ililala.

Sasa chukueni mita ya ubao wa darasani. Ilazeni chini. Upana wa mita moja ndio upana wa kwanza wa reli yetu, kipimo cha kutoka chuma hata chuma. Lakini reli ya Katanga ilikuwa na upana wa milimeta 1,067, yaani mita moja na sentimeta karibu saba. Sentimeta saba tu! Hata hivyo behewa la huku halikuweza kwenda kule. Kwa hiyo mwaka 1955 njia ya Kindu na Kalemie ilipanuliwa ifuate kipimo cha Katanga. Mwaka 1956 kikafunguliwa kipande cha kuunganisha Kabalo na Kamina. Tangu hapo behewa laweza kutoka Lubumbashi likafika Kindu pasipo kuhamisha mzigo. Njia ya Kisangani na Ubundu yenyewe ilibaki na mita yake moja.

4. Kwa nini masini za moshi ziliachwa?

Masini ya moshi ni mfanyakazi hodari, lakini hula sana. Katika sehemu 100 za joto la moto wake, hata sehemu 10 haziendi kwenye magurudumu. Nyingine zote hupotea kwa dohani na angani. Tena haiamki upesi. Boila ikiwa baridi, yataka masaa mengi kabla mvuke haujapata nguvu. Jioni yataka kuondolewa majivu, kuoshwa mabomba, kupakwa mafuta.

Masini ya dizeli huwashwa asubuhi na kuondoka. Haitaki rundo la kuni wala tangi la maji kila stesheni. Ndiyo sababu nchi zote, moja baada ya nyingine, ziliziacha masini za moshi. Zilipelekwa kukatwakatwa, na chuma chake kikayeyushwa kufanya vitu vingine. Hata treni za Kindu leo huvutwa na masini za dizeli.

Hakuna ubaya kuchukua chombo kilicho bora. Lakini zilipokatwa masini, kitu kingine nacho kilianza kupotea, na watu wengi hawakukiona. Tutakitaja baadaye.

5. Mzee wa Nairobi

Si masini zote zilizokatwa. Mjini Nairobi, nchini Kenya, kuna nyumba ya kutunza vitu vya kale vya reli. Ilifunguliwa mwaka 1971. Humo mna masini moja kubwa ajabu, namba 5918, nayo yaitwa Mount Gelai, kwa jina la mlima wa Tanzania ulio karibu na ziwa Natron.

Masini hii ilitoka kiwandani Manchester, Uingereza, mwaka 1955, mwaka ule ule ambao reli yetu ilipanuliwa. Zilijengwa 34 za namna yake, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki. Urefu wake ni mita zaidi ya 31, na uzito wake tani 252 hivi. Boila imewekwa katikati, na mbele na nyuma kuna makundi mawili ya magurudumu, kila kundi lina silinda zake. Kwa hiyo iliweza kujikunja penye kona kama jongoo apitaye kati ya mawe. Ilichoma mafuta, si kuni. Ilivuta tani 1,200 kutoka Mombasa, penye bahari, hata Nairobi, ambako ni juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,600. Tena ilifanya kazi hiyo juu ya reli ya mita moja, kama ile ya Kindu ya zamani! Katika reli zote za upana ule duniani, hapakuwa na masini za moshi zenye nguvu kuzipita hizo.

Kufikia mwaka 1980 kazi yao ilikuwa imekwisha. Lakini baada ya mwaka 2000 mafundi wa Nairobi waliiamsha tena Mount Gelai, ikavuta wageni waliotaka kuona treni ya moshi. Waliwezaje? Kwa sababu masini yenyewe ilikuwako bado, na watu walioijua walikuwako bado. Kitu kikiwapo na mwenye kukijua akiwapo, kazi yawezekana.

6. Kitu kilichokatwa chote

Je, kitu kisipokuwapo tena? Hii ndiyo habari ya ile picha yetu.

Huko Uingereza, mwaka 1948 na 1949, zilijengwa masini 49 za namna moja. Aliyezichora ni mhandisi Arthur Peppercorn. Zilikuwa hodari na zenye mbio. Lakini dizeli ilipokuja, zote 49 zilikatwa. Ya mwisho iliondolewa kazini mwaka 1966. Haikubaki hata moja.

Mwaka 1990 watu kadhaa walikutana na kusema: "Hatuwezi kuokoa moja, kwa maana hakuna. Tujenge ya hamsini." Wengi walicheka. Hao hawakuwa matajiri, wala serikali haikuwatuma. Waliomba watu wa kawaida watoe fedha kidogo kidogo kila mwezi. Waswahili husema: haba na haba hujaza kibaba. Kwa kibaba hicho zilipatikana karibu pauni milioni tatu.

Lakini fedha haijengi masini peke yake. Fundi atajuaje unene wa kila chuma? Hapo walikuta bahati kubwa. Michoro ya zamani ilikuwa imetunzwa mjini York, katika nyumba ya serikali ya vitu vya reli. Masini zote zilikuwa zimeyeyushwa, lakini karatasi zilibaki. Waswahili husema tena: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali hii ilikuwa na daftari.

Mwaka 1994 chuma cha kwanza kilikatwa. Masini ikaunganishwa mjini Darlington, mji ule ule wa reli ya mwaka 1825. Kazi ilikwenda polepole, kwa maana ilingoja fedha. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule alikuwa mtu mzima siku masini ilipomalizika.

Ilipofika zamu ya boila, walipata shida. Uingereza ndiyo iliyovumbua masini ya moshi na kuiuza duniani kote. Lakini sasa hapakuwa na kiwanda nchini humo kilichoweza kutengeneza boila kubwa kama ile. Mafundi walikuwa wamekufa au wamezeeka, na vyombo vimeuzwa. Basi boila ikatengenezwa Meiningen, nchini Ujerumani, ambako mafundi wa reli hawakuiacha kazi hiyo. Fikirini: mwalimu wa zamani amekwenda kwa jirani kuomba kitu alichokuwa akikifundisha!

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2008 moto wa kwanza uliwashwa. Aliyeuwasha alikuwa mjane wa Peppercorn, mama mzee sana. Mume wake alikuwa amekufa siku nyingi. Mwezi wa nane wa mwaka ule ule masini ikatembea kwa nguvu zake yenyewe. Ilipewa namba 60163, yaani namba iliyofuata ile ya mwisho ya zamani, na jina lake ni Tornado. Magurudumu yake makubwa yana urefu wa mita mbili. Hubeba tani saba na nusu za makaa, na lita zaidi ya 28,000 za maji.

7. Mgeni kwenye njia ya kale

Masini mpya haipelekwi siku ya kwanza kwenye njia kuu, kati ya treni za haraka. Kwanza hujaribiwa. Tornado ilipelekwa kuwa mgeni kwenye reli iitwayo Great Central, karibu na mji wa Leicester.

Hiyo ni reli ya namna gani? Ilikuwa sehemu ya njia kubwa iliyofungwa miaka ya 1960. Watu walioipenda wakakitunza kipande chake wasiruhusu king'olewe. Wao wenyewe hushona mataruma, hupaka rangi stesheni, hukata tiketi. Wengi hawalipwi mshahara. Reli ya kwanza duniani kutunzwa hivyo na wananchi ilikuwa Talyllyn, huko Wales, mwaka 1951. Siku hizi ziko nyingi, na wageni hulipa nauli ili wapande treni kama walivyopanda babu zao.

Basi masini ilifika. Haikuwa ya kijani bado, ila ya kijivu tu, kwa sababu hawakutaka kuipaka rangi nzuri kabla ya kujua kama ni mzima. Mafundi wakaiendesha mbele, wakaisimamisha, wakashika kila chuma kinachozunguka ili kuona kama kimepata moto kupita kiasi. Wakaifunga mabehewa mazito. Wakaongeza mwendo hata kilometa 96 kwa saa. Tarehe 21 mwezi wa tisa, mwaka 2008, ikavuta abiria wake wa kwanza.

Tazameni jambo hili. Masini ilikuwa kitoto, na reli ilikuwa mzee. Mzee alimshika kitoto mkono na kumfundisha kutembea. Kama watu wasingalitunza kipande kile cha reli, masini isingalipata mahali pema pa kujaribiwa na kujazwa maji, wala watu waliozoea kuichochea.

Baadaye Tornado ilikwenda kwenye njia kuu. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 2009 theluji nyingi ilianguka upande wa kusini wa Uingereza. Treni nyingi za umeme zilikwama, kwa maana barafu ilizuia umeme kufika. Abiria walisimama stesheni usiku katika baridi. Tornado ilikuwa inapita na safari yake. Ikawachukua abiria wapatao mia, ikawafikisha kwao. Mwaka 2017, katika safari ya kujaribiwa usiku, ilipita mwendo wa kilometa 160 kwa saa.

Msifikiri kwamba yote yalikuwa mepesi. Mwaka 2011 boila ilirudishwa Ujerumani kutengenezwa, kwa sababu ilikuwa na kasoro. Kuzaliwa kwa kitu si mwisho wa kazi. Kila siku chahitaji mkono.

8. Jibu la swali

Sasa tumefika mwisho wa njia. Kwa nini walijenga kitu cha zamani?

Si kwa sababu masini ya moshi ni bora kuliko dizeli. Tumeona kwamba hula sana na kupoteza joto jingi. Wengine walitoa fedha kwa furaha tu, na furaha nayo ni sababu njema. Lakini iko sababu nyingine iliyo kubwa zaidi. Walitambua kwamba elimu ya mikono hufa upesi kuliko chuma. Chuma kikitupwa hukaa miaka mingi kabla ya kutu kukimaliza. Fundi akifa bila mwanafunzi, elimu yake hufa naye siku ile ile. Hicho ndicho kitu kilichopotea pamoja na masini zilizokatwa, ambacho watu wengi hawakukiona. Kwa miaka 14 ya kujenga, vijana walijifunza kazi ambayo ingalikufa. Ujenzi ule ulikuwa shule.

Na sisi wa Kindu habari hii yatuhusu. Mwaka 1998 vita ilikata njia yetu, na treni haikufika hapa kwa miaka sita. Majani yaliota kati ya reli. Ilipofika tena mwaka 2004, watu walijaa stesheni kuitazama. Nani aliyeirudisha? Si masini peke yake. Ni watu waliojua taruma huwekwaje, daraja hupimwaje, injini iliyonyamaza husemeshwaje. Kama wote wangalikuwa wamekufa au wamesahau, treni ingalikawia zaidi.

Nchi yetu haina reli ya kale inayotunzwa kama zile za Uingereza, wala nyumba kama ile ya Nairobi hatunayo Kindu. Lakini daftari tunaweza kuwa nalo. Leo jioni, ukifika nyumbani, uliza: "Baba, katika ukoo wetu ni nani aliyefanya kazi ya reli? Alikuwa mchochea moto, au mjenzi wa njia, au mlinzi wa stesheni? Alifanyaje kazi yake?" Kama babu yungali hai, kaa karibu naye usikilize. Kisha andika katika daftari lako, kwa herufi safi, jina lake, kazi yake na yale aliyoyajua. Lete daftari hilo shuleni.

Maswali

1. Kwa nini kifuniko cha sufuria hucheza maji yakichemka?
2. Kuna hatari gani maji yakipungua ndani ya boila?
3. Pistoni hufanana na nini katika habari ya baiskeli?
4. Kipande cha reli cha Kindu na Kongolo kilimalizika mwaka gani? Urefu wake ni kilometa ngapi?
5. Reli yetu ilipanuliwa kutoka mita moja hata milimeta 1,067. Je, iliongezwa milimeta ngapi?
6. Masini za Peppercorn zilikuwa zimekatwa zote. Mafundi walijuaje kujenga nyingine?
7. Kwa nini boila ya Tornado haikutengenezwa Uingereza?
8. Mwandishi asema: "Elimu ya mikono hufa upesi kuliko chuma." Eleza kwa maneno yako, na utoe mfano mmoja wa kazi ya mikono hapa Kindu ambayo vijana wapaswa kujifunza kwa wazee.